Mali Bila Daftari: Fundisho Kutoka Mashamba ya Kisumu

Wazee wetu wa pwani walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Twalitumia neno hilo dukani na katika mambo ya urithi, lakini ni nadra kulipeleka shambani. Mkulima akiulizwa shamba lake li hali gani, hujibu kwa magunia: mwaka huu kumi, mwaka jana minane. Magunia hutuambia kilichotoka ardhini, hayatuambii kilichobaki.

Tuutazame mwambao wa Ziwa Viktoria. Mto Nyando huteremka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, hupita uwanda wa Kano, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, si mbali na mji wa Kisumu. Msimu wa mvua maji hayo huja yamejaa udongo. Wasomaji wetu wa Malindi na Mambrui hawana haja ya maelezo zaidi, kwani huona jinsi mto Sabaki unavyoigeuza rangi ya bahari. Udongo huo ni ngozi ya mashamba ya watu. Huko Nyakach, mahali paitwapo Katuk Odeyo, mmomonyoko umechimba makorongo makubwa. Na rutuba inayofika ziwani huyalisha magugumaji, ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakiwafungia wavuvi njia. Hasara ya mkulima wa juu humfika mvuvi wa chini.

Basi uzima wa shamba hupimwaje? Shirika la Vi Agroforestry lenye asili ya Sweden, likisaidiwa na Benki ya Dunia, liliendesha Mradi wa Kaboni ya Kilimo wa Kenya katika maeneo ya Kisumu na Kitale. Mradi huo uliwahusu wakulima wapatao 60,000 katika hekta 45,000. Walifunzwa kutochoma mabua, kufunika udongo kwa mabaki ya mavuno, kutumia mboji na samadi, na kupanda miti kati ya mazao. Kwa kuwa kuupima udongo wa kila shamba ni ghali, yalihesabiwa matendo: kilichopandwa, kilichovunwa, samadi iliyotiwa, na mabaki yalikopelekwa. Hesabu hizo zikaingizwa katika programu ya kompyuta ikadirieyo kaboni ardhini. Januari 2014 ikatangazwa kwamba mradi umepata hati zake za kwanza za kaboni, za tani 24,788 za hewa ya ukaa.

Tusighurike na tarakimu hiyo. Ukiigawa kwa wakulima 60,000, fungu la mmoja halifiki hata nusu tani, na fedha yake haiwezi kulipa karo ya mtoto. Faida kubwa ni ile isiyouzwa: udongo unaoshika maji mvua inapochelewa, na kuni zinazopatikana karibu na nyumba.

Lipo na jambo la haki. Apaliliaye na abebaye samadi aghalabu ni mwanamke, ilhali hati ya ardhi huwa kwa jina la mume. Kipimo kinachohesabu miti na tani, kisiulize ni nani aliyefanya kazi na ni nani aliyepokea malipo, kina kasoro, hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Nasi wenye viunga Kwale, Kilifi na Lamu twaweza kuanza na daftari la kawaida. Mama na watoto waandike kila msimu: Je, maji yanayotoka shambani baada ya mvua ni safi au ya matope? Tukichimba, twaona minyoo mingi au michache kuliko mwaka jana? Miti mingapi imekatwa, na mingapi imeota? Samadi kiasi gani imerudi ardhini? Baada ya miaka mitatu, daftari hilo litatwambia yale ambayo magunia hayasemi. Ardhi ni amana, na mwenye amana hudaiwa hesabu.