Mlio wa giaboksi husema mengi kabla haijafunguliwa

MTO Tana ulipofurika Novemba 2023 na tena mwaka wa 2024, barabara ya Garsen kuelekea Lamu ilikatwa na maji eneo la Gamba. Katika hali kama hiyo, dereva anayethubutu kuvuka huhofia injini isivute maji. Giaboksi husahaulika.

Ilhali giaboksi nayo hupumua, kupitia tundu dogo lililo juu yake. Ikitumbukia ndani ya maji ingali moto, hewa iliyomo husinyaa ghafla na maji hufyonzwa ndani. Oili iliyochanganyika na maji hailainishi ipasavyo. Beringi hushika kutu, na mlio huweza kuanza siku nyingi baada ya mafuriko kusahaulika.

Kwa mwenye pikapu kuukuu inayobeba maembe kutoka Garsen hadi Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100, mlio huo si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, kufungua giaboksi ni kazi ghali, na mara nyingine ubovu hauko humo kamwe. Ndiposa inafaa kwanza kujua mlio unasikika wakati gani.

Washa injini gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa na gia iko huru. Ukisikia ngurumo inayotoweka unapokanyaga klachi, shuku beringi za shafti inayopokea nguvu za injini. Mlio ukianza pale unapokanyaga klachi, beringi ya klachi ndiyo imechakaa, na huenda giaboksi yenyewe ni nzima.

Iwapo gia hukwaruza zinapoingia, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikikwaruza bado, klachi haiachii sawasawa. Ikiingia kwa utulivu, lakini gia ya pili au ya tatu hukwaruza safarini, yamkini pete zinazosawazisha mwendo wa gia hizo zimelika.

Mlio unaosikika katika gia moja pekee kwa kawaida hutokana na meno ya gia hiyo. Katika magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mlio unaosikika katika gia zote lakini ukapungua katika gia ya nne huashiria beringi za shafti ya chini, kwa kuwa gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Nao mlio unaofuata kasi ya magurudumu, hata klachi ikiwa imekanyagwa, huenda ukawa wa difu au beringi za magurudumu.

Hatimaye, kagua oili gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe mara moja na kubadilishwa kwa aina iliyopendekezwa na mtengenezaji. Unga laini wa chuma ni wa kawaida katika giaboksi kuukuu. Chembe za rangi ya shaba aghalabu hutoka kwenye pete. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni onyo kwamba gari lisisafiri tena kabla ya kutengenezwa.

Baadhi ya watu hutia oili nzito ili kuzima mlio. Kelele hupungua, lakini beringi huendelea kulika, na mwenye gari hupoteza dalili ambayo ingemwonya kabla ya kukwama njiani.