Mtu wa Milimani na Safari ya Bahari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima ikawa imara na akaitiisha bahari ikapitika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Vijana wetu wa Same, wa Makanya na wa vijiji vya milimani wametuuliza zaidi ya mara moja juu ya safari za matembezi baharini. Wameona katika simu zao picha za meli kubwa mfano wa mji, zenye vyumba vya kulala, mabirika ya kuogelea na maduka, nao wauliza: Je, Muislamu aweza kupanda meli kwa kutembea na kupumzika tu? Na ikiwa aweza, mtu wa Upareni mwenye kipato cha kawaida, aliyezaliwa chini ya kilele cha Shengena na asiyejua maji mengi zaidi ya yale ya ndiva, aanzie wapi?

Jawabu letu ni kwamba yafaa. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratu Yunus, aya ya 22, kuwa Yeye ndiye atuendeshaye bara na baharini. Na katika Suratul Jathiya, aya ya 12, ameihesabu bahari kuwa miongoni mwa neema alizotutiishia ili tutafute fadhila zake na tupate kushukuru. Wala safari hii si ya wanaume peke yao. Bibi Ummu Haram binti Milhan (r.a.), Mtume alipomweleza kuwa ameoteshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao, alimwomba amwombee awe mmoja wao, na kweli akasafiri baharini pamoja na mumewe. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika pwani yetu kwa chombo, akalala Mombasa na kisha akaenda Kilwa. Na babu zetu wengi waliokwenda Hija zamani walikwenda kwa meli mpaka Jidda, wakivumilia siku nyingi za mawimbi.

Zile meli kubwa za watalii hutia nanga Mombasa na Zanzibar, na kila mtu aweza kuzitazama akiwa gatini. Hatusemi kuwa ukubwa wa chombo ni haramu. Lakini katika nyingi ya meli hizo ulevi na kamari ni sehemu ya starehe inayouzwa, na nauli yake yaweza kumsomesha mtoto miaka kadhaa. Sisi twaona mtu wa Same hana haja ya kuzionea wivu. Bahari yake iko karibu, na meli ya abiria iendayo Unguja au Pemba yamtosha kuonja neema hiyo pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Nia na mfuko

Kabla ya kufunga mizigo, mzee wa nyumba na ajiulize: Twaenda kwa nini? Kuunga udugu, kuwaonyesha watoto kazi ya Mola wao, au kuzuru miji ya kale ya Kiislamu ni nia njema. Anayekwenda ili majirani waone picha zake amejinunulia taabu. Usisafiri kwa fedha ya kukopa, wala usiliache deni lililofika wakati wake. Weka akiba kidogo kidogo tangu mavuno, na jambo la kwanza ulitenge ni nauli ya kurudi, uifunge mbali na fedha ya matumizi. Tumewaona watu waliokwama ugenini, wakauza hata nguo, kwa sababu walihesabu kwenda wakasahau kurudi.

Wakati na njia

Bahari ina majira yake kama shamba. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu zaidi Juni hadi Agosti, na kwa bahati mbaya likizo moja ya watoto huangukia humo. Kuanzia Disemba huingia kaskazi, na kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi. Basi mwenye kuweza na achague likizo ya Disemba. Hali kadhalika, chombo cha asubuhi ni bora kuliko cha alasiri, kwani jua likipanda upepo wa baharini huongezeka.

Kutoka Same basi hushuka kupitia Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mombo na Korogwe hata Segera. Hapo njia hugawanyika: moja huelekea Tanga, nyingine Chalinze na Dar es Salaam. Aendaye Unguja apitie Dar es Salaam, alale huko, na asubuhi apande boti ya mwendo wa kasi, ambayo huchukua kiasi cha saa mbili. Aendaye Pemba aweza kupitia Tanga, lakini aulize kwanza siku ya meli, maana haiendi kila siku.

Akifika Unguja, tungemshauri asiishie kwenye fukwe na masoko. Awapeleke watoto Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, wauone msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Mtoto aliyeyatazama mawe yale atajua kuwa Uislamu katika nchi hizi si mgeni wa jana.

Kulevywa na bahari

Mtu wa milimani huogopa kichefuchefu kuliko mawimbi yenyewe. Asiende na njaa wala asishibe mno. Akae katikati ya chombo, sehemu ya chini, palipo na upepo safi, na macho yake yatazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Asisome wala asiiname juu ya simu. Viko vidonge vinavyomezwa kabla ya safari. Muulize mwenye duka la dawa, hasa kwa ajili ya mtoto au mama mjamzito. Na dawa nyingine mwaijua ninyi kuliko watu wa pwani: tangawizi. Ile ya Mamba Miamba mnayoilima na kuiuza kwa magunia, chukueni vipande vichache mtafune polepole, au chai yake katika chupa. Hutuliza tumbo, na wengi wamenufaika kwayo.

Sala chomboni

Wengine husema, "Tutasali tukifika," nao hufika wakati umekwisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi zetu, msafiri wa marhala mbili, kiasi cha kilomita 80 na zaidi kidogo, ameruhusiwa kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Mtu wa Same aendaye pwani ameivuka mbali sana mipaka hiyo. Ruhusa huanza akiishautoka mji wake, nayo humwondokea akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka.

Ikiwa sala itakukuta chomboni, simama ukiweza. Ukishindwa kwa kizunguzungu au kwa kuchelea kuanguka, sali umekaa. Kibla kwa mtu aliye Dar es Salaam, Tanga au visiwani ni karibu kaskazini halisi. Kwa hiyo aendaye Unguja kutoka Dar es Salaam hukuta kibla upande wa omo, na akirudi huwa upande wa tezi. Aendaye Pemba kutoka Tanga huelekea mashariki, na kibla huwa mkono wake wa kushoto. Chombo kikigeuka, nawe geuka. Na maji matamu yakipungua, tawadha kwa maji ya bahari bila wasiwasi: sahaba mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) jambo hili hili, akajibiwa kuwa maji ya bahari yatwaharisha na maiti wake ni halali.

Yaliyotupata Tanga

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeishika kalamu. Mwaka mmoja, katika likizo ya Disemba, sisi wenyewe tulitoka Same na watu wa nyumbani, watoto wanne na mama mkwe wetu, bibi wa milimani ambaye hakuwa ameiona bahari. Tulikusudia Pemba, kwa jamaa zetu. Tulipofika Tanga tukaambiwa meli itaondoka baada ya siku mbili. Pale pale akatujia kijana mmoja, akatuambia liko jahazi litakaloondoka jioni ile mahali kando ya bandari, kwa nusu ya nauli.

Tulifuata. Fedha ilikuwa chache, watoto wamechoka, na jamaa wanatungoja. Tulilikuta jahazi limejaa magunia ya saruji, na watu wamekaa juu ya magunia. Maji yalikuwa karibu na ukingo wake. Hakuna aliyeandika jina la mtu, wala hatukuona jaketi hata moja la kuokolea maisha. Mmoja wa abiria akasema, "Ajali haina kinga, tuseme bismillahi twende." Nasi, Mungu atusamehe, tukaanza kumpakia mtoto wa kwanza.

Ndipo mama mkwe, ambaye si desturi yake kuingilia maneno ya mkwewe, akasema kwa sauti ndogo: "Baba Halima, ndiva ikijaa kupita ukingo wake, haimngoji mtu aseme bismillahi." Akamshika mtoto mkono, akakaa juu ya mzigo wake, asiondoke.

Tuliona haya mbele za watu. Tukarudi mjini, tukalala kwa ndugu siku mbili, tukala akiba ya matumizi, kisha tukapanda meli. Na kwa kuwa twataka kusema kweli, twasema: lile jahazi lilifika salama. Tulipofika Pemba, aliyesema maneno yale ya bismillahi alikutana nasi sokoni akatucheka. Kwa muda mrefu kicheko kile kilituuma, hata tukajiuliza kama hatukumtegemea Mungu ipasavyo.

Kusalimika si hoja

Leo hatujiulizi tena. Vyombo vilivyozama viliwahi kufika salama mara nyingi kabla ya siku vilipozama. MV Bukoba ilikuwa imeizoea safari ya Mwanza kabla ya tarehe 21 Mei 1996, ilipozama katika Ziwa Viktoria na mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Tume iliyoundwa kuchunguza ilieleza kuwa watu waliokuwemo walizidi elfu mbili, katika chombo kisichoruhusiwa kuchukua hata elfu moja. Tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ikiwa na watu kuliko uwezo wake, ikiwa imebaki mwendo mdogo tu kufika gatini. Waliofariki walizidi 200. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Kutawakali ni kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha bedui. Na wanazuoni wamesema kuwa kupanda bahari pale hofu ya kuangamia inapozidi tumaini la kusalimika hakujuzu.

Basi, ndugu msomaji, shika haya. Nunua tiketi katika ofisi ya chombo, si kwa mtu wa njiani. Hakikisha jina la kila mmoja wenu, hata la mtoto mchanga, limeandikwa katika orodha ya abiria. Ukishapanda, tazama jaketi ziko wapi na huvaliwaje, nawe mwonyeshe mtoto; tazama na milango ya kutokea. Usikae juu ya shehena. Watu wakikimbilia upande mmoja kuchungulia, ninyi bakini mahali penu. Ukiona chombo kimezidi kujaa, shuka, hata kama nauli imepotea, na uwaarifu wakubwa wa bandari. Usalama wa vyombo husimamiwa na TASAC upande wa Bara, na na Mamlaka ya Usafiri Baharini upande wa Zanzibar. Kuwapasha habari si fitina.

Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliogawana chombo, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu upande wao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa wafanye watakalo, wote huangamia. Wakishikwa mikono, wote huokoka. Sisi Wapare mfano huu twauelewa vizuri: abomoaye ukingo wa ndiva usiku kwa ajili ya shamba lake moja amekiua kijiji kizima. Abiria anayenyamaza chombo kikizidi kujaa ni kama aliyemtazama mtoboaji akageuza uso.

Yule bibi alirudi Same, akawasimulia wenziwe kuwa bahari ni ndiva isiyo na ukingo wa pili. Nasi tukipanda chombo husoma dua ya Nabii Nuhu (a.s.) iliyomo katika Suratu Hud, aya ya 41. Lakini kabla ya kuisoma, huangalia kwanza maji yamefika wapi ubavuni mwa chombo.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari njema na marejeo ya salama. Amin.