Je, Kununua Jina la Mteja Kunamfaa Mtunza Bustani?

Huko Marekani watunza bustani wengi hutafuta kazi kwa kununua majina ya wateja kupitia intaneti. Mwenye nyumba huandika kwamba anataka nyasi zikatwe, nayo kampuni huuza jina lake na nambari ya simu. Kumbe jina lile lile huweza kuuziwa watu kadhaa! Basi ni mbio za kupiga simu, na anayechelewa amelipa bure.

Mwaka wa 2022 serikali ya huko iliishtaki kampuni ya HomeAdvisor kwa kuwapotosha mafundi kuhusu ubora wa majina hayo. Mwaka wa 2023 ikaamriwa kulipa hadi dola milioni 7.2.

Haya, tupige hesabu. Tuseme jina moja ni dola 20. Ukinunua majina 10 na upate kazi moja tu, kazi hiyo imekula dola 200. Ikiwa ni ya kukata nyasi mara moja kwa dola 50, hiyo ni hasara tupu, bwana. Lakini mteja akikuita kila wiki kuanzia Mei hadi Septemba (wakati wa baridi nyasi hazikui), pesa zitarudi. Kwa maoni yangu, mgeni mtaani anunue machache tu, kisha awaombe wateja wake wamtaje kwa majirani. Akipata nyumba tatu za barabara moja, hata petroli ya gari itapungua.