Namba ya Mgeni si Namba ya Manamba

Wenyeji wa Tanga hawahitaji kuelezwa maana ya neno "manamba". Zama za ukoloni, mashamba ya mkonge ya Korogwe, Muheza na Pangani yalijazwa watu wa mbali: Waha wa Kigoma, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji na wengineo. Kila mmoja alitiwa namba, akaitwa kwa namba hiyo hata jina alilopewa na babaye likasahaulika. Mkononi alishika kipande, wala hakulipwa mshahara wake ila kipande kitimie siku 30 za kazi.

Leo iko namba nyingine. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoundwa mwaka 2008, humpa aliyeandikishwa namba ya tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Namba hiyo si ya raia peke yao: kiko kitambulisho cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi. Mgeni huanzia Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi. Naye akitaka kuajiriwa hana budi kuwa na kibali cha kazi, kwa sheria ya mwaka 2015. Ndipo huandikishwa, akapigwa picha na kutoa alama za vidole.

Wako waulizao: mgeni ana haja gani ya kuandikwa? Twawajibu kwamba asiyejulikana serikalini ndiye aonewaye kwa wepesi. Tangu mwaka 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole. Asiye na hati huazima jina la mwenzake, na fedha zake zikipitia simuni huwa ziko mkononi mwa mwingine. Tena mwajiri mbaya humpenda kibarua asiye na karatasi, maana hana pa kushtaki. Na ujira wa huyo ukishuka, wa mwenyeji nao hauchelewi kushuka.

Tutazame Chogo, wilayani Handeni. Wazigua ambao babu zao walipelekwa utumwani Somalia katika karne ya 19 walirudi wakikimbia vita vya mwaka 1991, wangali wakisema Kizigua. Walipokewa kama wakimbizi, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Undugu wao ulitambulikana kwa lugha. Haki yao ilikuja kwa hati.

Basi, ndugu wafanyakazi, mwenye jirani au mwenzi wa kazi aliye mgeni na amshauri aende ofisini yeye mwenyewe, na hati zake mkononi, wala asimpe kishoka hata senti moja. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi twaongeza kwamba pamoja na jembe apate namba yake, na jina lake liandikwe kando ya namba hiyo, lisifutwe nayo.