Kipandauso: Maumivu ya Kweli Yasiyoonekana

Huenda nyumbani kwako au kwa jirani yako yuko mama wa namna hii. Asubuhi aliamka mzima, akafagia uwanja na kuwapikia watoto uji. Ilipofika saa nne kichwa kikaanza kumgonga upande mmoja, karibu na jicho. Sasa amejifungia chumbani, dirisha amelifunika kwa kanga, ndoo ya kutapikia iko kando ya kitanda, na hataki kusikia hata sauti ya redio. Kesho kutwa atatoka na kufanya kazi zake kama kawaida. Hapo ndipo maneno yatakapoanza: "Alikuwa anakwepa kwenda shamba." Wengine watasema ana mapepo, au ametupiwa kitu na mke mwenzake.

Mama huyu hajifanyi, wala hajarogwa. Ana ugonjwa uitwao kipandauso. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo tukichungulie kitanda hicho, tuone ni kitu gani hasa kinachomuuma.

Ubongo wenyewe hauumi

Jambo la kwanza litakushangaza: ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mwaka 1940, madaktari Bronson Ray na Harold Wolff wa New York, Marekani, waliandika habari za wagonjwa waliopasuliwa kichwa wakiwa macho. Daktari alipougusa ubongo, mgonjwa hakulalamika. Lakini alipogusa mishipa mikubwa ya damu, au utando unaoufunika ubongo, mgonjwa aliumia. Tena maumivu hayo aliyasikia kwenye paji la uso, penye panda la uso au nyuma ya jicho.

Ili kuelewa, chukua nazi. Kifuu ni fuvu la kichwa, na nyama nyeupe ni ubongo. Katikati yake kuna ile ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia. Huo ndio utando. Katika kichwa cha binadamu utando huo umejaa mishipa ya damu. Kando ya mishipa hiyo zimejisokota nyuzi za mishipa ya fahamu, yaani neva.

Neva hizo hutoka kwenye shina moja kubwa, ambalo madaktari huliita trijemini. Kila upande wa uso una shina lake, nalo lina matawi matatu: la juu huenda kwenye paji la uso na jicho, la katikati huenda shavuni, na la chini huenda kwenye taya. Kwa kuwa shina hilo hilo ndilo linalopeleka nyuzi kwenye utando wa ubongo, maumivu yanayoanzia ndani ya fuvu husikika kana kwamba yanatoka jichoni au usoni.

Walinzi waliojaa vipunje

Kando ya mishipa hiyo ya damu, jirani kabisa na nyuzi za neva, wanakaa walinzi wadogo wasioonekana kwa macho. Wanaitwa seli za masti. Aliyewapa jina hilo ni Paul Ehrlich, mwanafunzi wa udaktari wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, mnamo mwaka 1878. Alipoziangalia kwa hadubini aliona zimejaa vipunje vingi, akadhani zimenenepa kwa kushiba. Kwa Kijerumani neno hilo linahusu kunenepesha. Siku hizi tunajua kwamba vile vipunje si chakula bali ni silaha.

Wewe mwenyewe umeshauona utendaji wao. Nyuki akikuuma mkononi, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuwasha. Hiyo ni kazi ya seli za masti zilizo ndani ya ngozi. Zinapohisi adui humwaga vipunje vyao, na ndani yake mna kemikali nyingi, mojawapo ikiwa histamini. Kemikali hizo hupanua mishipa ya damu ili askari wengine wa mwili wafike upesi, na pia huchokoza neva. Seli hizi zipo pia puani na tumboni, na husaidia kupigana na minyoo. Ni walinzi wema, lakini ni wepesi wa hasira.

Neva na mlinzi wanavyochocheana

Sasa tuone kinachotokea kichwani. Mgonjwa wa kipandauso kwa kawaida amezaliwa na ubongo mwepesi wa kushtuka, na mara nyingi mama, baba au ndugu yake anao ugonjwa huo huo. Ubongo huo ukishtushwa, nyuzi za trijemini huamka. Neva ikiamka haipeleki tu habari za maumivu kwenye ubongo. Kwenye ncha zake, pale penye mishipa ya damu, nayo humwaga kemikali zake. Iliyo kubwa miongoni mwake ni protini ndogo inayoitwa kwa kifupi CGRP. Mishipa ya damu hupanuka, na seli za masti zilizo jirani zinaweza kushtuka na kumwaga vipunje vyao.

Vipunje hivyo navyo huichokoza neva, neva ikamwaga zaidi, na mlinzi akaitikia tena. Ni kama majirani wawili wanaogombana: huyu akirusha neno, yule anarudisha mawili, hadi mtaa mzima unaamka. Mwaka 2007 Dan Levy na wenzake huko Boston, Marekani, walionyesha jambo hili kwa panya wa maabara. Walizifanya seli za masti katika utando wa ubongo zimwage vipunje, nazo neva za maumivu zikaamka na kubaki macho kwa muda mrefu. Mengi tunayoyajua juu ya seli hizi kichwani yametokana na wanyama. Lakini habari za CGRP zimethibitishwa kwa binadamu pia: mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walieleza kwamba imeongezeka katika damu itokayo kichwani mwa wagonjwa wenye shambulio.

Kama ugomvi hautatulizwa mapema, habari hupanda hadi ndani ya ubongo, na ubongo wenyewe huwa mwepesi wa kuumia. Hapo hata kuchana nywele, kufunga kilemba au kulalia mto huuma. Watu wakisema anadeka, wamekosea.

Ni nini kinachoanzisha?

Kila mgonjwa ana vichokozi vyake. Vinavyojulikana zaidi ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukaa na njaa, kutokunywa maji ya kutosha, mwanga mkali, harufu kali, pombe na mahangaiko ya moyo. Hata mahangaiko yana njia yake mwilini: mwaka 1995 watafiti wa Boston waliona kwamba panya waliotiwa katika dhiki walimwaga vipunje vya seli za masti katika utando wa ubongo. Kwa akina mama, siku za kukaribia hedhi ni za hatari, kwa sababu homoni ya estrojeni hushuka. Hii ni sababu mojawapo inayofanya wanawake wenye kipandauso wawe karibu mara tatu ya wanaume.

Msomaji mmoja anaweza kuuliza: kama histamini imo, kwa nini nisimeze dawa za mzio? Jibu ni kwamba histamini ni silaha moja tu kati ya nyingi, na dawa hizo hazijathibitika kuzuia kipandauso.

Tufanye nini?

1. Tumia dawa mapema. Usingoje ugomvi ukolee. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 mara maumivu yanapoanza, asizidishe vidonge vinane kwa siku nzima. Ibuprofen nayo husaidia, imezwe baada ya kula. Lakini wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo na wajawazito wasiitumie bila kumwona mganga. Watoto chini ya miaka 16 wasipewe aspirini.

2. Pumzika mahali penye giza na utulivu, na unywe maji kidogo kidogo.

3. Usifanye dawa kuwa chakula. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mapya ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe.

4. Weka daftari. Andika siku, saa, ulichokula, ulivyolala na tarehe za hedhi. Baada ya miezi miwili utaanza kuvitambua vichokozi vyako.

5. Ukishambuliwa mara nne au zaidi kwa mwezi, nenda hospitali. Zipo dawa za kuzuia, kama propranolol na amitriptyline, ambazo humezwa kila siku kwa maelekezo ya daktari. Mwenye pumu asipewe propranolol. Tangu mwaka 2018 zimekuwapo pia sindano zinazoizuia CGRP yenyewe, ila bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi.

Si kila kichwa ni kipandauso

Kipandauso kwa mtu mzima asiyetibiwa hudumu kati ya saa 4 na siku 3, kisha huondoka. Kichwa chenye homa kipimwe malaria. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona dalili hizi: maumivu makali yaliyokuja ghafla kama radi, homa pamoja na shingo kukakamaa, degedege, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kusema, maumivu baada ya kuanguka au kupigwa kichwani, maumivu makali kwa mjamzito, hasa akivimba au kuona maruweruwe, na kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50 au mwenye virusi vya UKIMWI.

Nanyi akina baba, na ninyi watoto mlio wakubwa: mama akisema kichwa kimeanza, msisubiri aanguke kitandani ndipo mumwamini. Mleteeni maji na dawa yake, zimeni redio, mtoeni mdogo wake nje akacheze, na ugali wa siku hiyo upikwe na mwingine. Ugomvi ulio kichwani mwake hatuuoni, lakini upo. Ukitulizwa mapema, huenda jioni hiyo hiyo mkakaa naye mezani.