Mlezi akipumzika, anayelelewa yuko salama?

Anayemtunza mtu mwenye ulemavu wa akili hana Jumapili. Anamlisha, anamwogesha, anaamka naye usiku. Akiugua au akipata msiba wa mbali, kazi hiyo inamsubiri palepale. Ndiyo maana baadhi ya nchi zina huduma ya malezi ya muda: mtu huangaliwa na mwingine kwa saa, siku au wiki kadhaa ili mlezi wake apumzike.

Kwetu Shinyanga na Geita wengi hawalijui jina hilo, ila jambo lenyewe lipo. Mlezi wa muda ni bibi, shangazi, jirani, dada wa kazi au bweni la shule. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kupima kama mahali unapomwacha ndugu yako ni salama.

Kwa nini wao wako hatarini zaidi?

Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kushindwa kusimulia alichotendewa. Hata akisimulia, wapo watakaosema hajui asemalo. Tena huhitaji msaada wa kuoga na kuvaa, na anayemsaidia mara nyingi huwa naye peke yake.

Katika maeneo ya machimbo kuna hatari nyingine. Mama anayeponda mawe au kuosha mchanga wa dhahabu, asipopata wa kumwachia mtoto, humfungia ndani au huenda naye kazini. Aliyefungiwa hawezi kukimbia moto wala kumkimbia mtu mbaya. Aliyepelekwa machimboni yuko karibu na mashimo na zebaki, ambayo moshi wake wakati wa kuchoma dhahabu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto. Hatumlaumu mama huyo. Anakosa mahali pa kumwacha, na hilo ni jukumu letu sote.

Buhangija inatufundisha nini?

Wengi mnaifahamu Shule ya Msingi Buhangija Jumuishi, mjini Shinyanga. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipozidi Kanda ya Ziwa, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa pale kwa usalama, pamoja na wenzao wasioona na viziwi. Ulemavu wao ni tofauti na huu tunaouzungumzia, lakini somo ni moja.

Hifhadhi ile ilikusudiwa kuwa ya muda. Kwa baadhi yao muda huo uligeuka miaka, wakakua mbali na wazazi. Kisha Novemba 2022 moto ukaunguza bweni na watoto watatu wakafariki. Kwa hiyo mahali panapomkinga mtoto na hatari moja panahitaji kukaguliwa kwa hatari nyingine, na malezi ya muda yanahitaji tarehe ya kurudi nyumbani.

Afrika Kusini walijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2016, katika jimbo la Gauteng, wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu wa akili walihamishwa kutoka vituo vya Life Esidimeni kwenda kwenye mashirika ambayo hayakuwa na leseni halali. Watu 144 walifariki. Baadhi ya familia hazikuambiwa hata ndugu zao wamepelekwa wapi.

Uulize nini kabla ya kumwacha?

- Nani hasa atakuwa naye mchana, na nani usiku?
- Nani atamwogesha, na je, kuna mtu mzima mwingine karibu?
- Naweza kuja bila taarifa na kuona anapolala? Ukikataliwa, usimwache.
- Moto ukiwaka, mlango unafunguliwaje na nani atamtoa?
- Wanajua dawa zake, chakula chake, na afanyavyo akiwa na maumivu?
- Kama ni kituo, leseni iko wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni.
- Atarudi nyumbani siku gani?

Maswali haya muulize hata ndugu. Undugu hauzuii kuulizana.

Anza na saa chache kabla ya kumwacha usiku kucha. Akirudi, mwangalie: michubuko, kukataa chakula, kukojoa kitandani upya, au kumwogopa mtu aliyekuwa akimpenda. Yeye mwenyewe muulize pia, kwa maneno, ishara au picha, kama angependa kurudi kule.

Ukiwa na wasiwasi, uende wapi?

Usisubiri uhakika. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa mtoto, piga 116 bila malipo. Kama ameingiliwa kimwili, mpeleke kituo cha afya haraka kabla ya kumwogesha, na nguo zake usizifue.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwenye mkutano ujao, muulize mwenyekiti kamati yenu ina nani na ilikaa lini. Pendekezeni jambo dogo: majirani watatu au wanne wanaoaminika, wanaopokezana kumwangalia mtu huyo mlango ukiwa wazi, ili mama aende sokoni, hospitali au alale tu mchana mmoja.