Picha ya Nyumbani ni Amana: Kuchagua Printa na Kulinda Sitara ya Familia

Mfungo Mosi ukiingia, harusi hufuatana mitaani mwetu. Za Ijumaa hazijamalizika, za Jumapili zimekwisha kufika. Kila harusi huzaa picha kwa mamia: bibi harusi akipakwa hina, mashangazi na mama wakubwa wakicheza ndani ya ukumbi wa wanawake, watoto katika sare zao, bwana harusi msikitini akiwa ameshikana mkono na walii. Wiki ya pili ndipo swali hujitokeza: picha hizi zitachapwa wapi, na nani atazishika kabla hazijaturudia?

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna familia ya kipato cha kawaida inavyoweza kuchagua printa ya picha ya nyumbani bila kujuta. Kisha tutalieleza jambo zito zaidi kuliko mashine, nalo ni kuichunga picha tangu inapopigwa hadi inapowekwa ndani ya albamu.

Negativu imebaki kwa nani?

Wazee wetu waliopiga picha kwa filamu wanaukumbuka utaratibu wa studio. Filamu ya picha 36 ilipelekwa kusafishwa, na siku ya kuichukua mteja alikabidhiwa bahasha yenye picha pamoja na negativu zake. Mwenye negativu ndiye aliyeweza kutoa nakala nyingine, na mwenye negativu alikuwa mwenye picha.

Leo mambo yamegeuka bila ya wengi wetu kutambua. Tunaingia katika duka la steshenari, tunatuma picha kwa WhatsApp kwenye simu ya duka au tunachomeka flashi katika kompyuta. Kijana anazinakili, anazichapa, tunalipa, tunaondoka na karatasi. Negativu, kwa maana yake ya leo, imebaki dukani. Hakuna aliyeiiba, sisi wenyewe tumeiacha.

Sisi tulio katika kamati za misikiti hufikiwa na matokeo yake. Familia moja ilitujia na huzuni baada ya picha ya binti yao, iliyopigwa katika ukumbi wa wanawake akiwa wazi kichwa na mabega, kukutwa imebandikwa katika ukuta wa duka la kuchapia picha kama sampuli ya kazi nzuri. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya. Aliona picha imetoka vizuri, akaitumia. Alipoambiwa aliiondoa saa ile ile na akaomba radhi. Lakini ilikuwa imekwisha kukaa pale wiki kadhaa. Kilichomuumiza zaidi binti yule, kwa maelezo ya mama yake, ni kwamba aliyeambiwa kwanza alikuwa mumewe, tena na mfanyakazi mwenzake.

Hatuandiki kutoa fatwa juu ya hukumu ya picha yenyewe. Maulamaa wamehitilafiana: Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, ilhali Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliikataza isipokuwa kwa haja kama ya vitambulisho. Kila familia na ifuate ilichofundishwa na masheikh inaowaamini. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kuwa yale ambayo mwanamke haruhusiwi kumwonesha asiye maharimu wake hayageuki kuwa halali kwa sababu yamo katika karatasi.

Mashine tatu, kazi tatu

Printa zilizojaa katika maduka ya Kariakoo na ya miji yetu mingine zinagawanyika katika makundi matatu, na muuzaji hatakueleza tofauti zake usipomuuliza.

Kundi la kwanza ni printa za leza, zinazotumia unga unaoyeyushwa kwa joto. Hizi zinafaa kwa mitihani ya madrasa na barua za kamati. Kwa picha hazifai: ngozi ya uso hutoka bila uhai. Tena karatasi ya kung'aa iliyotengenezewa wino wa maji haifai kuingizwa humo, kwa kuwa utando wake unaweza kuyeyuka na kuiharibu mashine.

Kundi la pili ni printa za wino wa maji, zinazorusha matone madogo mno juu ya karatasi. Nazo ni za namna mbili. Za katriji huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini katriji yake ni ndogo na ni ghali. Wengi hununua mashine mara moja kisha hununua bei ya mashine tena na tena katika wino. Za matangi, kama Epson L3250, Canon PIXMA za mfululizo wa G na HP Smart Tank, huwa ghali zaidi siku ya kwanza, lakini wino wake huja katika chupa na hudumu. Nyingi katika mashine hizi hutumia rangi nne, na kwa albamu ya nyumbani zinatosha. Anayetaka picha bora zaidi atafute yenye rangi sita, kama Epson L8050, ambayo huongeza samawati hafifu na majenta hafifu ili ngozi na anga vitoke bila madoa.

Kundi la tatu ni printa ndogo za utepe, kama Canon SELPHY CP1500. Hizi hazina wino wa maji. Joto huhamisha rangi kutoka katika utepe wa plastiki hadi kwenye karatasi, kwanza manjano, kisha majenta, kisha samawati, na mwisho utando wa kinga. Picha hutoka kavu, ya ukubwa wa milimita 100 kwa 148. Uzuri wake ni kwamba inaweza kukaa kabatini miezi mingi na siku ya Idi ikafanya kazi, maana hakuna wino wa kukauka.

Ushauri wetu ni huu. Nyumba inayochapa picha wakati wa Idi, harusi na aqiqa peke yake, na inunue ya utepe. Nyumba yenye wanafunzi, inayohitaji pia kutoa kopi za vyeti na kuskani, na inunue ya matangi.

Hesabu kabla ya kulipa

Usiulize bei ya mashine peke yake. Uliza bei ya picha moja. Kwa printa ya utepe hesabu ni nyepesi, kwa sababu karatasi na tepe huuzwa pamoja: boksi la SELPHY liitwalo KP-108IN lina karatasi 108 na tepe za kuzitosha. Gawa bei ya boksi kwa 108, nawe umeipata bei ya picha. Kwa printa ya matangi, jumlisha bei ya karatasi moja na sehemu ya wino. Idadi ya kurasa inayoandikwa juu ya boksi huhesabiwa kwa kurasa za kawaida za ofisini, ambazo sehemu kubwa yake ni nyeupe. Picha inayojaa karatasi nzima hula wino mwingi zaidi.

Karatasi nayo ni nusu ya kazi. Kwa albamu, chukua karatasi ya picha yenye uzito wa gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba. Ihifadhi katika mfuko uliofungwa vizuri, kwa maana unyevu wa pwani huikunja.

Kabla ya kuchapa, iangalie picha yenyewe. Picha ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji takriban pikseli 1200 kwa 1800. Ya ukubwa wa A4 huhitaji takriban 2480 kwa 3508. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa: inaweza kufaa kwa albamu, lakini ukutani itaonekana imefifia. Mwambie aliyekutumia aitume kama dokumenti.

Mwenye printa ya wino wa maji achape walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, ili matundu ya wino yasizibe. Aizime kwa kitufe chake, asichomoe waya ukutani, kwa kuwa mashine inapozimwa kwa kitufe hukifunika kichwa cha wino. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe, iache itulie, kisha uizime kwa kitufe.

Mashine nyumbani, siri nje

Kununua printa hakutoshi. Siri nyingi hutoka kwa milango mingine, na tunaitaja hapa ile tunayoiona mara nyingi.

Mlango wa kwanza ni akaunti ya simu. Wengi wetu, hususan mama zetu, hufunguliwa akaunti ya Google na muuza simu, naye ndiye anayeijua nywila. Simu ikiwa imewekwa kuhifadhi picha mtandaoni, kila picha inayopigwa inaweza kuonekana na anayeijua nywila hiyo. Ndivyo ilivyo pia pale simu ya baba, ya mama na ya kijana zinapotumia akaunti moja. Badilisha nywila leo, na kila mtu awe na akaunti yake.

Mlango wa pili ni fundi simu. Kioo kikivunjika, fundi huomba namba ya siri ili aijaribu simu. Hamisha picha kwanza, au kaa naye hadi amalize. Anayeuza simu kuukuu aondoe akaunti zake na kuifuta simu yote, na memori kadi asiiuze kabisa, kwa kuwa kilichofutwa humo mara nyingi huweza kurejeshwa. Hata ndani ya simu, picha iliyofutwa haitoki papo hapo: katika iPhone hukaa siku 30, na katika Google Photos hadi siku 60 ikiwa ilikwisha kuhifadhiwa katika akaunti. Ingia katika sehemu ya vilivyofutwa, uimalizie.

Mlango wa tatu ni takataka. Picha iliyoharibika isitupwe nzima. Nao utepe uliotumika wa printa ndogo huacha kivuli cha kila picha iliyochapwa. Ukiuvuta utaziona zote kwa mpangilio. Ukatekate kwa mkasi kabla ya kuutupa.

Kwa asiyeweza kununua printa, njia ipo. Weka katika flashi picha unazotaka kuchapa peke yake. Usizitume kwa WhatsApp. Simama pale hadi mwisho, na uombe zifutwe, pamoja na zile zilizo katika kapu la taka la kompyuta. Picha za ukumbi wa wanawake zipelekwe kwa mchapaji mwanamke. Kina mama walio katika vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kununua printa moja, wakaifanya huduma ya harusi za mtaa. Hapo kuna sitara na kuna riziki.

Idhini, watoto na walioachana

Mpiga picha wa harusi aulizwe kabla ya kulipwa malipo ya mwanzo: picha utaziweka wapi, utazifuta lini, na je, utazitangaza? Majibu yaandikwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kenya inayo sheria ya namna hiyo tangu 2019. Lakini sheria hukufikia baada ya jambo kutokea. Makubaliano huzuia lisitokee.

Watoto nao wana haki. Mtoto anayeogeshwa, anayelia siku ya kutahiriwa au aliyelazwa hospitali atakuwa mtu mzima, na picha hiyo atakutana nayo. Hali kadhalika picha za maiti na za wagonjwa mahututi. Tumeona zikizunguka katika makundi ya simu kabla jamaa wa mbali hawajaambiwa msiba.

Na lipo moja ambalo halisemwi mimbarini. Ndoa ikivunjika, mume hubaki na picha za aliyekuwa mke wake, na mke vivyo hivyo. Talaka humaliza ndoa, haimalizi amana. Zile zilizopigwa kwa ajili ya macho ya mume peke yake hana tena haki ya kuzitazama, na kuzionesha au kutishia kuzionesha ni dhuluma ya wazi. Tunawashauri wazee wanaosimamia suluhu waliweke jambo hili mezani pamoja na eda na matunzo ya watoto: picha hizo zifutwe, na kila upande ukiri mbele ya mashahidi kuwa umezifuta. Ni maneno ya dakika chache, nayo yameziepusha familia na fedheha ya miaka.

Familia inayojiandaa kwa harusi ya Mfungo huu na ikae kikao kifupi kabla ya siku yenyewe. Ateuliwe mtu mmoja, maharimu wa bibi harusi au mwanamke mwenzake, ambaye memori kadi itafika mkononi mwake kabla ya mikono mingine. Yeye achague picha za albamu ya wote na picha za ndani, na zile za ndani zichapwe ndani. Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na vizazi vyetu. Amin.